Nani Alilipa? Filbert Bayi, Montreal 1976 na Gharama ya Msimamo wa Taifa

Taifa linapochukua msimamo wa kimaadili mbele ya dunia, gharama ya msimamo huo haigawanywi sawasawa miongoni mwa raia wake. Wapo wanaoutamka, wapo wanaoushangilia, na wapo wachache wanaoulipia. Historia yetu iliyoandikwa imewatendea haki wale wa kundi la kwanza: hotuba zao zimechapwa, na majina yao yamewekwa kwenye barabara na viwanja. Kundi la pili ni sisi wengine wote. Kundi la tatu ndilo ninalotaka kulizungumzia katika makala hii, na nitafanya hivyo kupitia maisha ya mtu mmoja, Filbert Bayi, mwanariadha aliyekuwa na umri wa miaka 23 mwezi Julai 1976, wakati taifa lake lilipoamua kwamba hatakimbia.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza, ingawa matokeo yake si mepesi kuyabeba. Uamuzi wa Tanzania kususia Michezo ya Olimpiki ya Montreal ulikuwa sahihi. Na kwa kuwa ulikuwa sahihi, tunadaiwa. Laiti ungekuwa kosa la kisiasa, tungelitaja kuwa kosa, tukajifunza, tukaendelea na safari. Lakini jambo la haki lililofanyika kwa jasho la mtu mwingine huacha deni ambalo halifutiki kwa kurudia tu kwamba jambo lenyewe lilikuwa la haki.

Kijana kutoka Karatu

Bayi alizaliwa mwaka 1953 Karatu, katika nyanda za juu za kaskazini. Alipokwenda Munich kwa Olimpiki ya mwaka 1972 alikuwa na miaka 19, akashiriki mbio za mita 1500 na mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akatolewa katika hatua za mwanzo. Hakuna aliyemtilia maanani. Miezi michache baadaye, Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1500. Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 katika umbali huo huo, na kwa Waafrika Mashariki wa zama zile kumshinda Keino kulikuwa sawa na kuuhamisha mlima.

Kisha ikaja Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Tarehe 2 Februari 1974, Bayi aliongoza fainali ya mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho. Wakimbiaji wengi wa umbali huo hupenda kujificha nyuma ya wenzao, kuhifadhi nguvu, na kuchomoka katika mita mia tatu za mwisho. Bayi alifanya kinyume. Alikimbia mzunguko wa kwanza kwa chini ya sekunde 55, akafungua pengo kubwa, na kuwaachia wengine kazi ya kulifunga. John Walker wa New Zealand alikaribia kulifunga mbele ya umati wa nyumbani kwao, lakini hakufika. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, akiivunja ile ya Jim Ryun wa Marekani iliyodumu tangu mwaka 1967. Walker aliyeshika nafasi ya pili naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Muda ule uliendelea kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi mwaka 2022, yaani kwa miaka 48.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975 mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliivunja pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa muda wa dakika 3 na sekunde 51.0. Miezi mitatu baadaye Walker akaichukua kwa kuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Kuelekea Montreal, basi, mmoja alikuwa na rekodi ya mita 1500 na mwingine rekodi ya maili. Mmoja alikuwa mkimbiaji wa kuongoza, mwingine wa kufuatilia na kushambulia mwishoni. Dunia nzima ya riadha ilingoja wakutane.

Silaha ile ile

Hapa pana jambo ambalo masimulizi ya kawaida kuhusu Bayi huliruka, na ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii.

Mwaka 1973 timu ya raga ya makaburu wa Afrika Kusini, maarufu kama Springboks, ilikuwa imepangiwa kuzuru New Zealand. Nchi za Afrika ziliweka wazi kwamba ziara hiyo ikifanyika, hazitakwenda Christchurch kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974. Waziri Mkuu wa New Zealand, Norman Kirk, alizuia ziara. Michezo ikafanyika, Waafrika wakaenda, na Bayi akavunja rekodi ya dunia. Kwa maneno mengine, mbio zilizomfanya Bayi kuwa Bayi ziliwezekana kwa sababu Afrika ilikuwa tayari kususia.

Mwaka 1976 silaha hiyo hiyo iligeuka upande wake. Kirk alikuwa amefariki mwaka 1974, na serikali mpya ya Robert Muldoon haikuona sababu ya kuizuia timu ya taifa ya raga, All Blacks, kwenda Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1976 polisi wa makaburu waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakiandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Kabla mwezi haujaisha, All Blacks walikuwa wamekwishawasili nchini humo kucheza raga.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika na Baraza Kuu la Michezo Afrika, lililoongozwa na Abraham Ordia wa Nigeria akiwa rais na Jean-Claude Ganga wa Kongo akiwa katibu mkuu, walidai New Zealand iondolewe Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, na kwa hiyo jambo hilo halikuwa ndani ya mamlaka yake. Kisheria jibu hilo lilikuwa na mantiki. Kimaadili halikuwa nayo, kwa kuwa waliokufa Soweto walikuwa watoto wa shule, na aliyekuwa akikaribishwa kwa nyimbo katika viwanja vya raga wiki chache baadaye alikuwa akiuhakikishia utawala uliowaua kwamba dunia bado ni rafiki yake.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutangaza kwamba haitashiriki. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zilifuata, baadhi zikiwa zimekwishafika Montreal na wanamichezo wao wakiwa wamelala katika kijiji cha Olimpiki. Kwa Bayi, ambaye malaria nayo ilikuwa imemsumbua katika kipindi hicho, suala la kama angekuwa na afya ya kutosha halikupata tena nafasi ya kujibiwa uwanjani. Fainali ya mita 1500 ilikimbiwa kwa mwendo wa taratibu, na Walker akashinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Christchurch. Naye, kwa haki, hakupata anachostahili: tangu siku ile medali yake ya dhahabu imekuwa ikiambatana na jina la mtu ambaye hakuwepo.

Wala Bayi hakuwa peke yake. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi kutoka Munich na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, alinyimwa nafasi ya kutetea taji lake, na Edwin Moses wa Marekani akalichukua pamoja na rekodi yenyewe. Mike Boit wa Kenya alizikosa mita 800. Kizazi kizima cha wanariadha wa Afrika Mashariki, katika mwaka waliokuwa bora kuliko wakati wowote, kilibaki nje ya lango.

Raketi na dhamiri

Ili tusidhani kwamba hili lilikuwa jambo la riadha peke yake, au la Waafrika peke yao, tuutazame mchezo wa tenisi katika miaka ile ile. Tenisi ina faida moja kwa mtafiti: tangu mwaka 1968 mashindano yake makubwa yalifunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa, na hivyo gharama ya msimamo wa kisiasa iliweza kuhesabiwa hata kwa fedha.

Arthur Ashe, Mmarekani Mweusi, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka huo huo wa 1968. Kwa kuwa bado alikuwa mchezaji wa ridhaa, hakuruhusiwa kuchukua zawadi ya dola 14,000, nazo zikaenda kwa Tom Okker wa Uholanzi aliyemshinda katika fainali. Ashe alipoomba viza ya kwenda kucheza Afrika Kusini alikataliwa, na suala lake likawa sehemu ya kampeni iliyoiondoa Afrika Kusini katika Kombe la Davis mwaka 1970. Mwaka 1973 makaburu walibadili mkakati wakampa viza. Akaenda, akafika fainali ya mchezaji mmoja mmoja, akashinda taji la wawili wawili pamoja na Okker, na baadhi ya Waafrika wa huko wakamwita Sipho, jina lenye maana ya zawadi. Aliamini kwamba uwepo wake ungewaonyesha watu jambo ambalo hotuba haziwezi. Baadaye msimamo wake ulielekea upande wa kuitenga nchi hiyo kabisa, na mwaka 1985 alikamatwa akiandamana mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington.

Safari hiyo ya mawazo ya Ashe ina somo. Alilijaribu daraja, akalipita, akaona kwamba upande wa pili ulikuwa ukilitumia kama pambo. Wanaodai leo kwamba Afrika ilikuwa na haraka ya kususia, na kwamba ingefaa kuzungumza na kushindana, hawana budi kueleza kwa nini mtu aliyeijaribu njia yao kwa dhati kuliko wote hatimaye aliiacha.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, na unafanana zaidi na wa Bayi. Afrika Kusini ilirejeshwa katika Kombe la Davis, na mwaka 1974 ikafika fainali. Mpinzani wake alikuwa India, iliyokuwa na ndugu wawili wa kiwango cha juu, Vijay na Anand Amritraj. India ilikuwa imeitoa Australia na kisha Umoja wa Kisovieti, na haijawahi kulitwaa kombe hilo hata mara moja katika historia yake. Serikali ya India iliamua kwamba timu haitacheza. Afrika Kusini ikakabidhiwa kombe bila mpira kupigwa. India ilifika fainali tena mwaka 1987 na kushindwa, na mpaka leo kabati lake halina kombe hilo. Vijay Amritraj aliendelea na maisha ya heshima katika tenisi, lakini mlango ule haukufunguka tena akiwa katika umri wa miaka ishirini na ushei.

Tofauti kati ya Amritraj na Bayi ni ya kiuchumi. Amritraj alikuwa mchezaji wa kulipwa: wiki iliyofuata alikuwa na mashindano mengine na zawadi nyingine. Riadha ya dunia, kinyume chake, ilibaki kuwa ya ridhaa. Ni mwaka 1982 tu ndipo chama cha kimataifa kiliporuhusu wanariadha kuwekewa mapato yao katika mifuko ya amana. Kulikuwa na mkato. Kundi la mashindano ya kulipwa la Marekani lilimchukua Keino mwaka 1973, na Jipcho akafuata baada ya Christchurch, lakini aliyeingia huko alijifungia mlango wa Olimpiki. Bayi alibaki katika ridhaa. Kwa hiyo alipoondolewa Montreal hakupoteza tu medali. Alipoteza kitu pekee ambacho mwanariadha wa ridhaa alikuwa akikifanyia kazi. Na kundi lile la kulipwa lilikufa mwaka huo huo wa 1976, likichukua hata njia ya pembeni.

Je, kulikuwa na faida?

Msomaji mwenye shaka atauliza: ziara ya raga haikusimama, New Zealand haikuondolewa Montreal, na ubaguzi wa rangi uliendelea kwa miaka mingi. Je, sadaka hii haikuwa bure?

Swali ni halali, lakini linapima jambo kwa kipimo cha wiki mbili. Mwezi Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola, New Zealand ikiwamo, walikubaliana huko Gleneagles, Uskoti, kuzuia mahusiano ya kimichezo na Afrika Kusini. Makubaliano hayo hayaelezeki bila Montreal. Hofu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978 mjini Edmonton kususiwa vilevile ilikuwa mezani. Springboks walipoizuru New Zealand mwaka 1981, walikuta raia wa nchi hiyo wenyewe wamejaa mitaani kuwapinga, na mechi moja mjini Hamilton ikafutwa baada ya waandamanaji kuingia uwanjani. Suala lililoonekana mwaka 1976 kuwa ugomvi wa Waafrika lilikuwa limekuwa suala la dhamiri ya New Zealand yenyewe.

Zaidi ya hapo, michezo ilikuwa mahali ambapo Mzungu wa kawaida wa Afrika Kusini alihisi kutengwa. Vikwazo vya silaha na mafuta vilizungumzwa katika ofisi. Kukosa mechi ya kimataifa kuliumiza sebuleni. Kwa nchi maskini kama yetu, isiyokuwa na benki ya kufunga wala meli ya kuzuia bidhaa, wanamichezo walikuwa miongoni mwa vitu vichache tulivyokuwa navyo ambavyo dunia ilivitaka. Tulivitumia.

Neno hilo, tulivitumia, ndilo linalopaswa kutukosesha usingizi kidogo. Sioni ushahidi katika historia ya jumla ya tukio hili kwamba sauti ya wanamichezo wenyewe ilikuwa na uzito katika uamuzi. Dola ziliamua. Inawezekana Bayi na wenzake wangeulizwa wangekubali. Askari wa JWTZ, kama alivyokuwa Bayi, amefundishwa maana ya amri. Lakini kukubali kwa hiari na kutii ni mambo mawili tofauti, na taifa linalohubiri utu lilipaswa kuijua tofauti hiyo.

Moscow

Bayi hakuishia hapo. Mwaka 1978 alishinda tena mita 1500 katika Michezo ya Afrika mjini Algiers, na huko Edmonton akapata medali ya fedha nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza kwa tofauti ya sekunde moja ya kumi. Rekodi yake ya dunia ya mita 1500 ilidumu hadi Agosti 1979, alipoivunja Sebastian Coe.

Mwaka 1980 historia ilimrudishia sehemu ya alichopoteza, kwa njia ya kejeli. Safari hii Marekani ndiyo iliyotaka dunia isusie, kwa sababu ya uvamizi wa Kisovieti nchini Afghanistan. Rais Carter alimtuma bondia Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika, na Tanzania ilikuwa kituo chake cha kwanza. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Tukaenda Moscow.

Bayi hakukimbia tena mita 1500. Alirudi katika mbio za kuruka viunzi na maji, akakimbia kama alivyokimbia Christchurch: mbele, peke yake, akifungua pengo kubwa. Katika mzunguko wa mwisho nguvu zilimwishia, na Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi alimaliza wa pili kwa dakika 8 na sekunde 12.48. Suleiman Nyambui akapata medali ya fedha katika mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hizo mbili, zilizopatikana katika Michezo ile ile, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzipata. Michezo ya Paris mwaka 2024 ilipita bila kuiongeza ya tatu.

Mwenye kutaka kuipima gharama ya Montreal aanzie kwenye hesabu hiyo. Taifa lenye medali mbili tu katika historia yake yote liliwahi kuwa na mtu mwenye rekodi ya dunia, akiwa na miaka 23, na likamwacha nyumbani.

Kwa nini Inyonga

Makala hii naiandikia Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, mahali ambapo pengine msomaji wa Dar es Salaam hawezi kupahusisha na Montreal. Uhusiano upo, nao si wa riadha.

Eneo la Mpanda ya zamani, ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, limelipia misimamo ya taifa zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilifungua milango kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Makazi makubwa yalianzishwa Katumba na Mishamo, katika ardhi ya Mpanda. Ulikuwa uamuzi wa heshima kubwa, na miongo minne baadaye Tanzania iliuheshimu tena kwa kuwapa uraia makumi ya maelfu ya watu hao. Mwaka 1983 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimtunuku Mwalimu Nyerere nishani ya Nansen. Aliistahili. Lakini aliyetoa ardhi na msitu, aliyegawana kisima na shule, na aliyejifunza kuishi na majirani wapya ni mkulima wa Mpanda, pamoja na mkimbizi mwenyewe aliyeufyeka msitu na kuugeuza shamba. Hao hawakuwa na nishani.

Kadhalika, Hifadhi ya Taifa ya Katavi na mapori yanayoizunguka ni fahari ya taifa zima na chanzo cha fedha za kigeni. Mfugaji nyuki na mwindaji wa Ukonongo, ambaye babu zake walitundika mizinga katika misitu hiyo, ndiye anayeijua mipaka yake kwa miguu. Siandiki haya kuipinga hifadhi, kama ambavyo sipingi kususia Montreal. Naandika kwamba utaratibu ni ule ule: heshima hupanda kwenda makao makuu, na gharama huteremka kwenda kwa mtu mmoja au wilaya moja, kisha tunasahau kwamba kulikuwa na gharama.

Mtumishi wa umma anayesoma hapa aifikirie kazi yake kwa mwanga huo. Kila waraka wenye maneno kwa maslahi mapana ya taifa una mtu upande wa pili ambaye maslahi yake finyu ndiyo yaliyotolewa. Wakati mwingine ni sahihi yatolewe. Lakini ni wajibu wa mwenye kalamu kumjua mtu huyo kwa jina, kumweleza, kumsikiliza kabla ya uamuzi, na kuweka katika bajeti, kwa tarakimu, kile atakachofidiwa.

Deni hulipwaje?

Kwa upande wa wanamichezo, naona malipo ya aina tatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kumbukumbu. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mchango wa Tanzania katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika: Kamati ya Ukombozi, kambi za Kongwa na Mazimbu, vita na misaada. Montreal inastahili ukurasa katika somo hilo hilo, na majina ya wote waliokuwa wameandaliwa kwenda yaandikwe, siyo la Bayi peke yake. Kwa mwingine aliyechaguliwa mwaka ule na hakuchaguliwa tena, hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya kwanza na ya mwisho.

La pili ni matunzo. Baraza la Michezo la Taifa limekuwapo kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1967, na bado mwanamichezo anayeiwakilisha nchi hutegemea zaidi huruma ya kiongozi wa siku hiyo kuliko haki iliyoandikwa. Si bahati kwamba wengi wa wakimbiaji wetu bora, tangu Bayi hadi Alphonce Simbu aliyetupatia dhahabu ya kwanza ya mashindano ya riadha ya dunia kwa marathoni ya Tokyo mwaka 2025, walikulia ndani ya jeshi. Jeshi huwapa mshahara, matibabu na muda wa mazoezi. Nje ya jeshi, kijana mwenye miguu ile ile hana kitu. Bima ya afya na pensheni kwa wanaovaa rangi za taifa ni jambo la kisheria, siyo la hisani.

La tatu ni kizazi kijacho. Bayi mwenyewe ametoa mfano: baada ya riadha alianzisha shule na taasisi yenye jina lake, akatumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi akiwa katibu mkuu. Mtu aliyenyimwa fursa na taifa lake alitumia maisha yake yaliyobaki kuwatafutia wengine fursa. Taifa lenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, liliyasimamisha mashindano ya michezo ya shule kwa miaka kadhaa, na kukata ngazi ambayo mtoto wa Inyonga au Karatu angeipanda kufika popote. Yalirejeshwa, lakini shule ngapi za Mlele zina uwanja uliopimwa mita 400, na mwalimu wa michezo aliyesomea kazi hiyo?

Kwa wanafunzi wangu wa historia nina ombi mahususi zaidi. Waliokuwa katika kikosi cha mwaka 1976 sasa ni wazee wa miaka sabini na kuendelea. Maafisa waliopeleka ujumbe wa kujitoa wengi wameshaondoka duniani. Magazeti ya Julai 1976 yapo katika maktaba, lakini magazeti yatawaambia serikali ilisema nini. Hayatawaambia mtu alifanya nini jioni ile aliposikia kwamba safari imefutwa, nani alimweleza, kwa maneno gani, na kama yupo aliyerudi kumuuliza baadaye. Anayetafuta mada ya tasnifu mwaka huu achukue kinasa sauti, aende akawaulize wangali wanaweza kujibu.